Batiki ya Hanang, baada ya kufuliwa mara kumi na nne

Batiki haisemwi siku ya kununuliwa. Ndiyo maana nilinunua vitu kwenye meza za wanafunzi Desemba 2024, na Julai hii ndiyo nakaa kuviandikia. Kitambaa changu kimeshaingia kwenye maji mara kumi na nne. Idadi naijua kwa sababu nimekuwa nikichora vijistari vya chaki ukutani, pembeni ya cherehani, na msaidizi wangu anadhani nahesabu wateja wasiolipa.

Nashona nguo za kike Sinza, huu mwaka wa ishirini na mbili. Kwa baba yangu ni Katesh, wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara. Shangazi yangu alikuwa akikaa Jorodom mpaka Jumapili ile ya tarehe 3 Desemba 2023. Kwa aliyesahau: mvua zilikuwa kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ikanyonya maji mpaka ikameguka, na tope likateremka na mawe na magogo, likaingia vijijini na mjini Katesh watu wakiwa bado majumbani. Waliofariki walikuwa zaidi ya 80. Mwanzoni wapo waliosema volkano imeamka, maana mlima ule ni volkano ya zamani, mpaka wataalamu wakaeleza kwamba hapakuwa na moto wowote, ni mwamba dhaifu ulioshiba maji. Shangazi alitoka na kanga moja na simu isiyo na chaji. "Nyumba haikubomoka," huwa anasema, "ilijaa." Anaitetea nyumba yake mpaka leo.

Basi niliposikia kwamba wanafunzi wa sanaa wa chuo kimoja hapa Dar es Salaam wanafanya mauzo ya siku tatu, mwaka mmoja baada ya tope, na fedha zinakwenda Katesh, nikafunga duka saa saba mchana nikaenda. Chuo sitakitaja. Nina malalamiko mbele huko, na sitaki mtoto wa mtu aitwe ofisini kwa ajili ya mapazia yangu.

Nilikwenda na wasiwasi vilevile. Vitu vya kuchangia maafa navijua. Mtu anakuletea kikombe kilichopinda mdomo, kisha anakutazama usoni kwa macho ya msiba, unatoa elfu kumi, unafika nyumbani unakiweka juu ya kabati na hutakunywea chai maisha yako yote. Hapo umenunua huruma, na aliyetengeneza kikombe hajui kama ni kibaya, kwa hiyo mwakani anatengeneza vingine mia.

Meza zilikuwa chini ya turubai mbili nyuma ya ukumbi, karibu na mwembe, na spika inayokoroma. Binti mmoja mwenye madoa ya buluu mpaka viwikoni akanipokea.

"Shikamoo mama. Karibu uchangie."

"Marahaba mwanangu. Mimi nimekuja kununua. Kuchangia nitachangia kama kitu ni kizuri."

Akacheka, lakini niliona amekaa vizuri zaidi kwenye kiti.

Nianze na batiki. Walikuwa wanauza vipande vya yadi tatu kwa Sh 30,000. Kariakoo ukipatana vizuri unapata kwa chini ya hapo, ila mchoro huu Kariakoo haupo. Chini kuna mlima, Hanang wenyewe, unautambua kwa mabega yake mapana kama unavyouona ukitokea Babati, na kutoka kileleni kuna mistari myembamba inayoshuka ikitawanyika kama mizizi. Ukitazama haraka unaona mti uliopinduliwa. Ukitazama tena unaona njia za tope. Hawakuandika "HANANG" popote, na hilo peke yake liliniuzia kitambaa nusu, kwa sababu nguo yenye maandishi ya maafa kifuani haivaliki harusini.

Nikageuza upande wa pili. Batiki ya kweli haina mgongo, rangi imeingia pande zote mbili. Ikawa ya kweli. Nikanusa: nta bado ipo, ile ya mishumaa, na harufu ya nyuki kwa mbali, maana yake walichanganya nta ya nyuki ili mshumaa usipasuke ovyo. Nikatoa kipande cha bafta nyeupe kwenye pochi (fundi asiyetembea na kipande cha bafta ni fundi wa aina gani?), nikakilowesha kwa maji ya kunywa, nikasugua pembeni. Kile cha rangi ya udongo, safi kabisa. Cha buluu, bafta ikarudi na weusi.

"Hii inachuja," nikamwambia binti.

Akaona aibu. Kijana aliyekuwa meza ya pili ndiye aliyejibu, na jibu lake nililipenda kwa kuwa hakujitetea. Alisema ya udongo waliitia rangi mwezi wa kumi, wakaisuuza mpaka maji yakawa meupe. Ya buluu waliifanya wiki ya mwisho, maji yakakatika hosteli, wakasuuza mara moja tu. Rangi hizi zinachemshiwa na kostiki soda na haidro, kemikali za kuyeyushia rangi, na kitambaa kikitoka kwenye beseni kinakuwa na rangi nyingine kabisa, hewa ikikipiga ndipo rangi yake inajitokeza. Ile iliyobaki juu isiposuuzwa, mteja ndiye atakayeisuuza, tena pamoja na nguo zake nyingine.

Nilinunua vyote viwili. Cha buluu alinipunguzia, Sh 22,000, bila mimi kuomba.

Haya sasa, taarifa ya ukutani. Cha udongo: mifuo kumi na minne, hakijachuja hata tone, kimepauka kidogo sana kwenye mikunjo, kama batiki yoyote inayoheshimika. Nimekishonea gauni refu lenye mikono ya robo tatu na limeshakwenda kwenye send-off mbili. Cha buluu: kilichuja sana mara nne za kwanza. Mara ya pili kilipaka shati jeupe la shule la mwanangu wa mwisho, na sitasema nani aliviloweka pamoja, ila mume wangu anajijua. Nikakiloweka kwenye maji ya chumvi usiku kucha kama mama alivyotufundisha, kikasaidika kidogo. Kuanzia mfuo wa nane maji yakawa safi. Mlima umebaki, lakini buluu ya mwanzo, ile iliyonivuta, haipo tena. Sasa ni buluu ya jinzi kuukuu. Wapo wanaoipenda hivyo.

Mambo mawili kwa atakayenunua. Kwanza, fua kabla ya kukata. Yadi tatu zangu za udongo zilipungua inchi nne na nusu, na kama ningekata siku ileile gauni lingekuwa la mdogo wangu. Pili, nta haikutoka yote. Weka magazeti ya zamani juu na chini, pitisha pasi ya moto, gazeti linanyonya. Mimi nilimaliza magazeti ya wiki nzima.

Kwenye mapazia ndipo waliponiudhi. Nilipoona kitambaa ni kizuri nikaweka oda: mapazia sita ya rangi ya udongo, upana na urefu nikawaandikia mwenyewe, kwa inchi, na mchoro nikawachorea. Nikalipa nusu kwa simu. Namba iliyotoka ilikuwa na jina la mwanafunzi, si la chuo wala la kikundi, na hapo ndipo nilipaswa kujiuliza. Waliahidi wiki tatu. Wiki ya tatu, kimya. Ya nne nikapiga, nikaambiwa ni mitihani. Ya tano namba haipatikani. Wiki ya saba bodaboda akaniletea mapazia matano. La sita "linakauka". Lilikauka mpaka mwezi wa tatu. Na mawili kati ya yale matano yalikuwa mafupi kwa inchi tatu, kwa sababu ileile niliyoisema: walipima kabla ya kusuuza. Mtu anayefanya kazi ya oda hawezi kumwambia mteja "mitihani". Aseme mwanzoni, nisubiri hadi Februari, nitasubiri. Fedha sikudai, maana nilijua zinakwenda wapi, na hapo ndipo ubaya ulipo: huwezi kumgombeza mtu kwa sauti wakati amebeba jina la watu wako.

Kwa upande wa hesabu, lakini, niwape haki yao. Kila kitu mezani kilikuwa na kikaratasi kinachoeleza bei imegawanyika vipi. Kwenye mkoba wa Sh 35,000, kwa mfano: aliyeshona 16,000, vifaa 6,000, nauli ya mzigo 2,000, mfuko wa Katesh 11,000. Nilijumlisha palepale. Inafika. Mwezi wa tatu nikawatumia ujumbe kuuliza mfuko ulinunua nini, wakanirudishia picha za risiti: sare za shule, madaftari, masweta. Nikampigia shangazi. Masweta kweli yamefika, mtoto wa jirani yake kapata moja, ila linamfika magotini. "Atakua," shangazi akasema. Katesh kuna baridi, sweta kubwa si hasara.

Kadi sitazisemea sana. Wanafunzi walikwenda Katesh wakakaa na watoto wa shule, wakawapa rangi na karatasi, kisha wakachapa michoro kumi na miwili kuwa kadi. Sh 2,000 moja. Karatasi nzito, uchapaji safi, bahasha ipo. Nilidhani nitaona tope kumi na mbili. Niliona ng'ombe, mbuzi, basi la Singida, mama anachota maji, na mchoro mmoja tu wa mlima, wenye jua la njano lenye macho. Nyuma limeandikwa darasa la mtoto bila jina. Sawasawa kabisa. Nilinunua tano na zimeisha.

Kanga ndiyo iliyonichekesha. Walichapa kwa fremu, mji, yaani sehemu ya katikati, umejaa mashuke ya ngano (Hanang ni nchi ya ngano, wamefanya utafiti wao), pindo imenyooka, jina linasema MLIMA NI WETU TOPE SI LETU. Jina zuri, lina ubishi ndani yake. Lakini kanga wanauza kipande kimoja! Nikauliza cha pili kiko wapi. Binti akasema, "Mama, tunauza kimoja kimoja ili bei iwe ndogo." Mwanangu, kanga ni doti. Kimoja utajifunga nini, ukajitanda nini? Mama mwenye heshima zake akipelekewa kanga moja atauliza nyingine amepewa nani. Aliandika kwenye daftari, akaahidi mimi nitaletewa ya pili.

Upande wa picha za kuchora palikuwa na kelele zaidi na sikukaa raha. Nyingi zilikuwa kwenye habodi kwa rangi za mafuta, mtindo wa tingatinga, na kwenye tingatinga mimi ni mkali kidogo kwa sababu tumezizoea mno. Edward Tingatinga alianza miaka ya 1960 na rangi za kawaida za kung'aa, zile watu walizopakia baiskeli, na vipande vya ubao wa dari, akafariki 1972, na tangu hapo kila duka la mtalii lina twiga wake. Hawa watoto walichora twiga pia. Sijui twiga wa Jorodom ni yupi. Kulikuwa na moja tu niliyoipenda, ya mnada wa Katesh, wanaume wa Kibarbaig na fimbo zao na mashuka, ng'ombe wamejaa mpaka nje ya fremu, Sh 150,000. Mtu mwingine aliiwahi.

Kisha kulikuwa na ile. Sina jina lingine. Picha kubwa, karibu urefu wangu, kahawia tupu, na katikati mkono unatoka. Kikaratasi kilisema imechorwa kwa tope halisi la Hanang lililochanganywa na gundi nyeupe. Watu walikuwa wanapiga nayo picha.

Nilisimama pale nikahisi miguu mizito. Nikamwita mchoraji. Alikuja kijana mwembamba, mpole, akaniamkia, nikamwambia: shangazi yangu alikaa siku tatu kwenye shule akisubiri kujua kama jirani yake amepatikana. Hilo tope ulilichota wapi?

Akasema alilichota pembeni ya barabara, si kwenye nyumba ya mtu, na aliuliza kwanza. Nikamuuliza alimuuliza nani. Akamtaja mwenyekiti wa kitongoji. Nikamwambia mwenyekiti anaweza kukuruhusu kuchota udongo, lakini mkono huo ni wa nani? Hakujibu haraka. Baadaye akasema, "Ni wangu mama. Nilipaka mkono wangu mwenyewe, nikaubandika." Akanionyesha kiganja, kina kovu kwenye kidole gumba, na kwenye picha kovu lipo.

Sikujua niseme nini. Sijui hata leo. Picha bado siipendi na singeiweka sebuleni, lakini yeye niliacha kumkasirikia. Nilimshauri jambo moja: aiondoe pale mlangoni, aiweke ndani, mtu wa Katesh akija asikutane nayo kabla ya kusalimiwa. Siku ya tatu nilipopita kuchukua risiti nikaikuta imehamishwa, imegeuzwa kidogo kuelekea ukuta. Kwa upande wa ufundi: tope na gundi vikikauka vinapasuka. Siku ile tu kulikuwa na nyufa kuanzia kona ya chini, na vumbi sakafuni. Aliyeinunua, kama yupo, atakuwa anafagia.

Jioni kulikuwa na mchezo wa kuigiza wa nusu saa, bure. Mhadhiri mmoja mtu mzima aliyekaa karibu nami alinieleza kwamba kazi hii ya kwenda kijijini na kutengeneza mchezo pamoja na wenyeji si ya leo. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikaa Malya, huko Kwimba, mkoa wa Mwanza, wakaigiza na watu kijijini kuhusu wasichana kupata mimba, na watazamaji ndio walioamua mchezo uende wapi. Mimi nilidhani mchezo ni kukaa kimya na kupiga makofi.

Na kweli sisi wa Dar tulikaa kimya na kupiga makofi, na hapo ndipo mchezo ulipopungua. Nilikuja kujua kwa shangazi kwamba walipouonyesha Katesh, watu waliukatisha mara tatu. Kuna tukio la mama anayefika kuandikishwa kwa ajili ya msaada, karani anamwomba kitambulisho, mama anasema kitambulisho kiko kwenye kabati, kabati liko kwenye nyumba, nyumba iko kwenye tope. Karani anasema, "Sawa, basi lete nakala." Sisi tulicheka. Katesh hawakucheka. Mwanamke mmoja alisimama, akaenda mbele, akamwondoa mwigizaji kwenye kiti, akakaa yeye na kueleza jinsi ilivyokuwa hasa, nani alimsaidia, nani alimzungusha. Shangazi anasema mchezo uliishia hapo na mazungumzo yakaenda mpaka giza. Sasa kwa nini tulioko mjini tuletewe maganda? Wangetueleza tu kwamba ukumbi unaruhusiwa kusimama, ningesimama mimi. Kitambulisho cha shangazi kilichukua miezi.

Nimeacha mkoba mwisho kwa sababu ndicho kitu bora walichokuwa nacho, na nadhani wao wenyewe hawakujua. Ulikuwa umewekwa chini ya meza, kwenye boksi, kumi na moja tu. Ngozi ya mbuzi nje, laini, imefanyiwa kazi kwa mkono na watu wanaojua ngozi: wanawake wa Kibarbaig wamekuwa wakishona sketi zao za ngozi na shanga tangu enzi za bibi zao. Pembeni shanga nyekundu, njano na buluu, kwa mistari. Ndani bitana ya batiki, kile kitambaa cha mlima. Wanafunzi walichora umbo na kuongeza mfuko wa simu, akina mama wakashona. Nilivuta mkanda kwa nguvu zangu zote mbele ya yule binti mpaka akafumba macho. Haukuachia. Mshono wa mkono, sindano mbili zinazopishana, fundo kila baada ya inchi chache. Cherehani yangu haiwezi mshono ule.

Kasoro iko kwenye zipu. Waliweka ya plastiki, nyembamba, ya bei ya chini, na mwezi wa tatu ikaachia meno. Nimeitoa nikaweka ya chuma namba 5. Kwa mkoba unaoweza kuishi miaka kumi, kuuwekea zipu ya miezi mitatu ni uchoyo. Harufu ya ngozi ilikaa wiki mbili, nikauanika kivulini ikaisha. Usiuanike juani.

Nilimpigia shangazi kwa video usiku ule nimuonyeshe. Aliutazama kwanza kwa ukimya, kisha akasema, "Geuza nione pembeni." Nikageuza. "Hiyo ni ya kina mama wa ng'ambo ya bonde," akasema, "wanaweka njano baada ya nyekundu." Anamjua mshonaji. Nikamuuliza kama yeye alijiunga kwenye mafunzo ya batiki ambayo wanafunzi waliendesha walipokwenda mara ya pili. Akasema alijiunga, wote walijiunga, walifurahi sana, walitia rangi vitambaa ishirini na mbili, wakavianika kwenye ua wa shule mpaka ng'ombe wakaogopa kupita.

"Na sasa mnaendelea?"

"Na nini, mama? Rangi inatoka Arusha. Hiyo soda inayochoma inatoka Arusha. Nta nayo imepanda. Nikinunua vyote hivyo, kitambaa kimoja nimuuzie nani hapa kwa elfu thelathini?" Akanyamaza. "Sufuria tunapikia makande."

Lakini mikoba inaendelea. Ngozi ipo, mbuzi wapo, shanga zinauzwa mnadani, na mikono iliijua kazi kabla wanafunzi hawajazaliwa. Kilichokuja na wanafunzi ni umbo, mfuko wa simu, na mtu wa Dar wa kununua. Nimewaambia viongozi wao hivyohivyo: mwaka huu waache mabeseni nyumbani, wapande basi na zipu za chuma. Kijana wa maji ya hosteli alinijibu kwamba watajaribu, ila somo lao semista hii ni batiki, na ndilo linalosahihishwa. Nikacheka. Nilipoanza kazi fundi wangu naye alinifundisha kushona kola miezi minne kwa sababu alikuwa na oda ya kola.

Tangu mwezi wa nne mimi mwenyewe naagiza mikoba mitatu mitatu kutoka kwa yule mama wa ng'ambo ya bonde, inakuja kwa basi, naweka zipu hapa dukani, nauza kwa Sh 40,000 na 25,000 inarudi kwake. Si biashara kubwa. Tisa imetoka. Wateja hawaulizi habari za tope na mimi siwasimulii, wanauliza kama kuna yenye mkanda mrefu.

Basi, kwa anayepanga kwenda mwaka huu, maana nasikia Desemba watarudi: batiki ya udongo nunua bila kusita, ya buluu beba bafta yako. Kadi nunua nyingi. Oda usiweke kabla ya mitihani, na ukilipa dai risiti yenye jina la kikundi. Mkoba uulizie, watautoa chini ya meza. Mchezo uangalie, na ukiwa na neno, simama.

Na yule binti mwenye madoa ya buluu, kama unasoma hapa: kipande cha pili cha kanga bado nakidai. Duka unalijua, niko mpaka saa mbili usiku.